Shajara ya sanduku la paa: nguzo isimikwe lini?

Natengeneza sanduku la mbao lenye kioo mbele. Ndani mna mgodi mdogo wa makaa ya mawe uliopunguzwa mara ishirini: chumba cha upana wa mita nne kimekuwa sentimita 20, nguzo ya mita mbili imekuwa sentimita 10. Nataka mtu akae kwenye kigoda aone paa likinepa, matabaka yakiachana, kifusi kikishuka, halafu aone nguzo zilezile zikisimikwa mapema zinafanya nini na zikichelewa zinafanya nini. Anayetaka kuiga afuate tarehe. Penye makosa nimeandika kwa kirefu, maana ndiko pesa yangu ilikokwenda.

Tanga hatuna mgodi wa makaa. Makaa yako kusini: Kiwira, Ngaka, Mchuchuma. Mimi ni mtu wa Makorora niliyeshuka huko chini miaka sita, kikosi cha matimba, yaani nguzo za mbao za kutegemeza paa, kabla magoti hayajanirudisha pwani. Lakini vijana wa mkoa huu nao wanashuka mashimoni, Umba kwenye vito na Handeni kwenye dhahabu. Mwamba wao si mwamba wa makaa. Tabia ya kuchelewesha matimba ndiyo ileile.

11 Januari 2025

Sanduku limekamilika. Ndani ni sentimita 60 kwa 40, kimo 50. Fundi seremala alidhani ni banda la njiwa, na akaliwekea na tundu la kupitia. Tumeliziba.

Makaa ni vipande 16 vya mbao vya kimo cha sentimita 10, vinne upana na vinne kwenda ndani. Pembeni kuna magogo mawili yasiyotoka, ndiyo nguzo za makaa zinazoachwa mgodini zibebe mlima. Kioo kinaanzia usawa wa paa kwenda juu. Chini ya kioo ni wazi, ili vipande vichomolewe kwa mkono safu moja baada ya nyingine, kama uso wa makaa, yaani ukuta unaochimbwa, unavyosogea. Mbao na misumari 22,000, ufundi 25,000, kioo 18,000.

19 Januari

Nimemwaga paa la jasi: matabaka sita, kila moja sentimita moja, katikati ya tabaka na tabaka nimepaka majivu yasishikane. Paa la makaa ndivyo lilivyo. Juu ya makaa kuna matope ya kale yaliyogeuka mawe, yamelala shuka juu ya shuka. Ukiyaondoa makaa chini yake unabaki na dari bapa, na dari bapa ya shuka nyembamba haina ujanja wa kujishikilia kama kuba. Jasi mfuko mmoja 21,000.

28 Januari

Nimechomoa vipande vyote 16. Siku tatu paa liko vilevile. Mpwa wangu akaweka tofali juu, likakaa. Akaongeza la pili, likakaa. Jana jioni nikakasirika nikaligonga kwa ngumi, likashuka lote kwa mkupuo.

"Mjomba, sasa hapo tumejifunza nini?"

Nilikaa nalo usiku kucha ndipo nikaona upumbavu wangu. Nimepunguza chumba mara ishirini, kwa hiyo uzito unaovuta paa kwa kila kipande cha eneo nao umepungua mara ishirini. Nguvu ya kitu chenyewe sijaipunguza. Jasi kavu kwenye sanduku la sentimita 20 ni sawa na kuweka zege la daraja juu ya chumba cha mgodi. Ukipunguza kipimo, lazima udhoofishe na mwamba kwa kiasi kilekile. Na jasi ina kasoro ya pili: haichoki polepole. Inasimama mpaka inavunjika. Mimi ninachotaka kuonyesha ni muda, na kitu kisichonepa hakina muda wa kuonyesha.

Hizo 21,000 zimekwenda. Usinunue jasi.

8 Februari

Udongo wa kufinyanga kutoka kwa mama mmoja njia ya Muheza, gunia 6,000, bodaboda 8,000 kwa sababu nilipewa magunia mawili na kijana akasema tairi lake linalia. Nimechanganya udongo ndoo moja na mchanga ndoo mbili ili kuudhoofisha. Mchanga nilichota Raskazone, wa bure.

Paa lilinepa kabla sijamaliza kuchomoa safu ya tatu. Likaja lote mikononi mwangu, zito na laini kama ugali wa muhogo. Tulirudia mara mbili. Mpwa akalibatiza jina: Waja Leo Waondoka Leo.

Kosa ni mchanga wa bahari. Una chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Udongo ulikaa chini ya gunia usiku mzima bila kukaza hata kidogo. Nimenunua mchanga wa mtoni, ndoo nne 4,000.

16 Februari

Mchanganyiko umekaa sawa. Kipimo chetu ni dole gumba: ukibonyeza liache alama, ila udongo usinate kwenye ngozi. Hapo ndipo unachomoa.

Paa likakataa kuanguka. Nikachungulia kwa tochi nikaona sababu: matabaka yameshikana na kioo. Nilikuwa nimeyabana mpaka mbele ili yaonekane vizuri, kwa hiyo kioo ndicho kilichokuwa nguzo. Nimekata paa lirudi nyuma kidole kimoja kutoka kwenye kioo, na ukuta wa nyuma nimeuvika nailoni iliyopakwa mafuta ya kula. Sasa paa linakaa juu ya magogo mawili ya pembeni tu, na juu ya kila gogo kuna matofali mawili kulibana. Kioo kimebaki kuzuia upepo na vidole vya watoto. Kwa kweli ningejua nisingelikinunua.

22 Februari

Leo ndiyo mara ya kwanza sanduku limesema kitu cha kweli. Hakuna nguzo yoyote, paa lilelile la matabaka sita, upana tofauti.

Chumba cha sentimita 15: limesimama mpaka asubuhi. Sentimita 20: limeshuka dakika ya 47. Sentimita 25: lilishuka kipande cha mwisho kikiwa bado mkononi mwangu.

Muda huu una historia yake. Mwaka 1958 Lauffer, Mwaustria, alieleza kwamba kila upana usiotegemezwa una muda wake wa kusimama, na kadiri upana unavyozidi muda unakatika. Bieniawski, mhandisi wa miamba, naye mwaka 1973 akaweka utaratibu wa kuupa mwamba alama, na alama hizo zikaja kufungamanishwa na muda huo. Ukilichukua tabaka kama ubao uliobanwa ncha mbili, mvuto unaolipasua unakua kwa mraba wa upana. Kutoka 20 kwenda 25 unaona umeongeza robo tu, lakini mvuto umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Na kule kunepa kunakua haraka zaidi, kwa upana kuzidishwa mara nne kwa wenyewe: mara mbili na nusu hivi.

Mgodini mtu anayesema "nivute hatua moja tu zaidi ndipo nitimbe" anadhani ameongeza hatua moja.

Kipimo cha kunepa nimekitengeneza kwa spoku ya baiskeli, na mji huu baiskeli hazikosekani. Fundi wa kona amenipa 24 zilizotumika kwa 3,000. Spoku inashikwa kwenye tabaka la juu kabisa, inapita ndani ya mrija wa soda ulioganda kwenye tabaka la chini, ncha inaning'inia chumbani. Nimepaka kijani, njano na nyekundu. Tabaka la chini likishuka, mrija unashuka nalo na unaanza kufunika rangi: kijani inamezwa kwanza, halafu njano. Si ubunifu wangu. Migodi ya makaa ya Uingereza ilikuwa na kifaa cha namna hii kikining'inia paani kila baada ya hatua kadhaa, mtu akipita anatazama rangi.

Mpwa alitaka tuchomoe na magogo ya pembeni tuone. Nilikataa, nikamweleza habari ya Coalbrook, Afrika Kusini, 21 Januari 1960: nguzo za makaa zilizoachwa zilikuwa dhaifu mno kwa mzigo wake, ikavunjika moja ikamtupia mwenzake mzigo, eneo kubwa likaporomoka na watu 435 hawakutoka. Paa ninalolishughulikia mimi ni la chumba kimoja. Nguzo za makaa ni somo jingine na sanduku jingine.

1 Machi

Nguzo. Nilianza na vijiti vya mishikaki. Vikapinda kama upinde kabla ya kubeba chochote. Nguzo ya unene wa sentimita 15 ukiipunguza mara ishirini ni milimita saba na nusu, na kitu cha milimita saba kilichonyooka kipo kila duka la mtaa: penseli. Dazani mbili 6,000, zimekatwa kwa msumeno wa chuma.

Nimezisimika nne, nikazikaza kwa kabari za njiti za kiberiti, nikakaza kweli, kwa sababu kule kusini tulifundishwa nguzo iliyolegea ni pambo. Baada ya dakika chache ufa ukatokea paani juu ya kila penseli, na penseli moja ikapenya tabaka la chini kama kidole kwenye andazi. Nilikuwa nimesahau kofia. Nguzo haikutani na paa uso kwa uso. Katikati kunakaa kipande cha ubao bapa kinachotawanya mzigo, na chenyewe kinabonyea kidogo kabla nguzo haijavunjika. Nimetumia vijiti vya aiskrimu. Kabari sasa nasukuma kwa kidole, nikigonga mara mbili kwa kijiko.

Kesho mfungo unaanza. Sanduku litafunikwa mpaka Idi ipite. Kuchota udongo na saumu mchana haviendani.

12 Aprili

Masika. Mchanganyiko uleule, chumba cha sentimita 20, hakuna nguzo: dakika ya 19. Nikarudia: 22. Februari ilikuwa 47.

Kwanza nilidhani nimekosea vipimo. Kumbe ni hewa. Februari udongo ulipolala chini ya gunia ulikuwa unakauka kidogo. Sasa haukauki, kila kitu ndani ya nyumba kimelowa, hata chumvi ya jikoni. Nikakumbuka kule chini. Mwamba wa matope juu ya makaa unakunywa unyevu. Hewa ya joto yenye mvuke ikiingia kutoka nje na kukutana na mwamba wa baridi, inaacha maji juu yake, na shuka zinaanza kubanduka vipande vyembamba kama magamba. Paa lililokuwa zima msimu wa ukavu unalikuta msimu wa mvua linadondosha. Hakuna aliyeligusa.

Kwa anayeiga: majaribio ya kulinganisha fanya siku moja, kwa udongo wa ndoo moja. Mimi nimetupa matokeo ya siku nne kwa kosa hili.

26 Aprili

Jaribio lenyewe. Mapaa matatu ya udongo mmoja, siku moja, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Nguzo nne kila mara, kofia zilezile, kabari zilezile, mkono uleule. Kinachobadilika ni dakika tu.

Paa la kwanza, nguzo zimesimikwa mara tu safu ya mwisho ilipotoka. Limenepa unene wa shilingi likatulia. Nimelala, nimeamka, limesimama.

Paa la pili, nguzo dakika ya 8. Spoku ilikuwa imeanza njano. Limesimama kwa muda wa saa tano.

Paa la tatu, dakika ya 15. Hapo tabaka la chini lilikuwa limekwisha kuachana na la pili. Kwenye ubavu wa kuelekea kioo wembe ulipita kati yao bila kugusa. Nilisimika nguzo zote nne, nikakaza vizuri, mpwa akasema sasa liko imara. Kwa macho lilikuwa imara. Dakika ya 40 likashuka katikati ya nguzo. Penseli zote nne zimebaki wima, kofia ziko vichwani, kifusi kimelala baina yake. Nimeziacha hivyo mpaka jioni, sikutaka kusafisha.

Mtu akiona nguzo anadhani imebeba mlima. Penseli nne haziwezi kubeba chochote cha maana. Ukipiga hesabu ya uzito wa mwamba ulio juu, utazicheka. Paa linajibeba lenyewe, madhali matabaka yanabanana na kusuguana kama kurasa za msahafu uliofungwa. Kazi ya nguzo ni kuyazuia yasianze kuachana. Yakishaachana, kila moja linaning'inia peke yake kwa unene wake wa sentimita moja, na ukileta nguzo wakati huo unategemeza vipande vilivyokwisha kuvunjika. Vile vilivyo katikati ya nguzo na nguzo havina habari na wewe.

Niseme na langu. Mgodi siutaji. Ilikuwa zamu ya usiku, tumebakisha vibehewa viwili kufikia hesabu, na mwenzangu akaniambia paa linalia. Kulipima tulikuwa tunagonga kwa mtaimbo huku vidole vya mkono wa pili vimegusa paa pembeni kidogo. Mwamba mzima unaita kama kengele na vidole havihisi kitu; ulioachana unatoa mlio wa ngoma, na vidole vinahisi mtetemo. Niligonga. Vidole vilihisi. Nikasema tumalize viwili, ndipo tutimbe. Tulimaliza kimoja, tukasimika nguzo tatu nzuri kabisa, tukageuka kuchukua ya nne. Paa lilishuka nyuma yetu katikati ya zile tatu. Nilipoteza kibehewa na kiatu cha kushoto, mwenzangu hakupata hata mkwaruzo, na asubuhi yake tulilaumiana nani alichelewesha mbao. Miaka ishirini na kitu nimeamini nguzo zilikuwa mbovu. Leo nimezitazama penseli.

17 Mei

Bolti. Kwenye migodi ya makaa ya Marekani zilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1940, zikachukua nafasi ya misitu mizima ya magogo. Wazo lake ni kushona matabaka. Chukua karatasi mia ukazishika ncha mbili, zinanepa. Zigandishe gundi, unapata ubao. Kwa hesabu, matabaka sita yakishonwa yakawa moja, mvuto wa kuyapasua unashuka mara sita na kunepa kunashuka mara 36. Hiyo ni hesabu ya mshono usioteleza hata kidogo, wangu unateleza.

Spoku nimezikata sentimita 10, nikazipitisha kutoka juu, kichwa kimekaa kwenye kizibo cha soda kilichobamizwa, chini nati yake ya spoku na kizibo kingine. Hapa nimedanganya kidogo: mgodini bolti inaingia kutoka chini na ncha yake inashikwa ndani ya mwamba, kwa gundi au kwa meno. Kwenye chumba cha kimo cha sentimita 10 mkono wangu hauingii, na wa mpwa unaingia lakini haukazi.

Jaribio la kwanza nilikaza nati mpaka vizibo vikazama kwenye udongo. Fundisho la kofia nilikuwa nimelisahau kabla ya miezi mitatu. Nimeongeza vipande vya ndala ya zamani chini ya kizibo.

Bolti sita zikiwekwa mapema, bila nguzo: paa limesimama siku mbili na spoku ya rangi haijatoka kijani. Bolti zikiwekwa wakati wembe unapita: nilipokaza nati, matabaka yalirudiana kwa macho yangu, ufa ukafumba, nikafurahi. Likaanguka baada ya saa mbili na dakika kumi, limekatikia palepale kwenye mipasuko iliyokuwa imekwisha kuingia pembeni, karibu na magogo. Ni bora kuliko nguzo zilizochelewa, lakini bado ni kuchelewa.

14 Juni

Jumla ni 119,000. Ukiacha jasi na kioo, unaweza kulitengeneza kwa 80,000. Udongo unarudiwa, unauponda, unaulowesha, unauchuja changarawe. Penseli zimebaki tisa, nyingine watoto wa jirani wamekwenda nazo shule, fupi hivyohivyo.

Wamekuja vijana wawili wanaochimba vito huko Umba, mmoja ni mkwe wa jirani. Swali lao la kwanza lilikuwa la watu wote wa Tanga: mbona mapango ya Amboni hayaanguki na hayana nguzo hata moja? Nikawaambia lile ni jiwe la chokaa la matabaka manene, maji yamelichonga polepole kwa umbo la kuba, na kilichokuwa cha kuanguka kilianguka zamani. Mkienda tazameni sakafuni mtaona mabonge. Mwamba wenu wa Umba nao si shuka za matope, nyufa zake zinakata pande zote, kwa hiyo dakika za sanduku hili msizichukue kama dakika zenu.

Swali la pili lilikuwa gumu. "Babu, sisi mbao zinanunuliwa mzigo ukishatoka. Hela ya matimba inatoka kwenye jiwe, na jiwe liko chini." Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia mwenye shimo naye aletwe akae kwenye kigoda hiki, akacheka.

Nikawaonyesha paa lililochelewa. Nilimpa yule mkubwa penseli nne na kofia zake mkononi, nikamwambia asimike dakika ya 15 kamili, mpwa atashika saa. Vipande vikatoka. Wakainama wote wawili mbele ya kioo. Kijani ikamezwa, njano ikaanza kuingia mrijani, kipande cha ukubwa wa kucha kikadondoka. Yule kijana akaingiza mkono akasimika ya kwanza.

"Bado," mpwa akasema. "Ni dakika ya sita."

Hakumsikiliza. Alikuwa ameshashika ya pili.